Mlango wa udaktari usifungwe kwa kigezo cha umri

Kila ninapokwenda kwetu mashambani, nje kidogo ya mji wa Machakos, hunifika jambo moja ambalo limenitia haya kwa miaka mingi. Majirani wamesikia kwamba mimi ni daktari. Hawakudanganywa, nina shahada ya uzamifu katika isimu, na chuoni ninakofundisha huitwa Daktari bila ya mtu kushangaa. Lakini ajuza mmoja wa jirani yetu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, haoni sababu ya kutenganisha daktari wa maneno na daktari wa mwili. Likizo iliyopita alinionyesha mguu uliovimba, akasema, "Daktari, mwanangu, niambie dawa yake." Nikamweleza kwa upole kwamba udaktari wangu ni wa lugha. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa hiyo lugha ikiugua, huidunga sindano wapi?"

Tulicheka sote, na siku ya pili nikampeleka hospitalini. Hata hivyo, swali lake halikunitoka akilini, na lilinirudia kwa nguvu wiki chache baadaye, mgeni mmoja alipobisha hodi nyumbani kwangu Jumamosi alasiri.

Mgeni huyo ni mwalimu wa biolojia na kemia katika shule ya upili ya kutwa hapa katika Kaunti ya Machakos. Nilimfundisha stadi za mawasiliano alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Sasa ana umri wa miaka 37, mke, watoto wawili na kipande cha shamba. Katika mtihani wake wa KCSE alipata alama nzuri, ila alipungukiwa kidogo tu na zile zilizohitajika kusomea udaktari, naye akapelekwa kwenye ualimu. Ameufanya ualimu kwa moyo. Ndiye anayekimbia na mwanafunzi mgongoni kifafa kinapomwangusha uwanjani, na ndiye anayejua ni mtoto gani ana pumu na ni yupi anayekuja shuleni bila kula. Alikuja kuniomba barua ya kumpendekeza. Anataka kujiunga na kitivo cha tiba.

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza halikuwa la busara. Nilimwambia, "Ndugu yangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Yeye, kwa adabu ile ile niliyomjua nayo, akanijibu, "Mwalimu, wahenga hao hao walisema, kawia ufike." Nikanyamaza. Mhadhiri wa lugha alikuwa ameshindwa kwa methali sebuleni mwake mwenyewe. Tangu siku hiyo nimeitafakari kadhia hii, na ningependa kuyaweka mawazo yangu mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa maana jambo hili haliwahusu watu wawili pekee.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndoto isiyopigiwa hesabu ni njozi. Shahada ya udaktari katika vyuo vyetu huchukua miaka 6 kwa kawaida, na baada yake huja mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mwalimu huyu akianza akiwa na umri wa miaka 38, atakuwa na miaka 45 siku atakayoruhusiwa kutibu bila ya kusimamiwa. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Kenya ni miaka 60 tangu ulipoongezwa kutoka 55 mwaka wa 2009. Basi anayo miaka 15 ya kuutumikia umma. Kijana anayeingia akiwa na miaka 19 humaliza yote hayo akiwa na miaka 26, na mbele yake ana miaka 34. Wanaopinga watu wazima kupewa nafasi hizi hushikilia hesabu hii, na ni lazima tukubali kwamba hawaisemi bure. Kumfundisha daktari mmoja ni gharama kubwa, na viti darasani ni vichache.

Lakini hesabu hiyo ina sharti lililofichika. Inachukulia kwamba kijana yule atabaki nchini na katika utumishi wa umma kwa miaka yote 34. Sote tunajua kwamba sivyo mambo yalivyo. Wapo madaktari wetu wengi walioondoka kwenda ng'ambo, na wapo walioiacha kazi yenyewe wakaingia katika biashara. Siwalaumu. Serikali iliyoruhusu mgomo wa madaktari uendelee kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha ikaona mgomo mwingine wa siku 56 mwaka wa 2024, haina uso wa kumlaumu anayehama. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye umri wa miaka 45, mwenye nyumba, watoto na mizizi yake Mwala au Masii, hang'oki kwa urahisi. Miaka 15 ya daktari anayekaa yaweza kuwafaa wagonjwa wetu kuliko miaka 34 ya daktari anayepita.

Isitoshe, yafaa tujiulize ni nani aliyeamuru kwamba wito wa mtu hujulikana akiwa na miaka 18. Nimewafundisha vijana kwa muda mrefu, na nimeona jinsi tunavyowagawa. Aliyepata alama ya A huambiwa ni daktari, apende asipende. Aliyekosa alama mbili tatu huambiwa ni mwalimu, na huambiwa kwa sauti ya rambirambi. Kwa njia hiyo tunaudhulumu udaktari kwa kuupelekea watu wasioutaka, na tunaudhulumu ualimu kwa kuufanya kapu la masalio. Mtihani wa kidato cha nne hupima mengi, ila haupimi kama mtu ataweza kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa saa tisa za usiku bila ya kukasirika.

Historia nayo haikosi ushahidi. Albert Schweitzer alianza kusomea udaktari mwaka wa 1905, akiwa na umri wa miaka 30, naye tayari alikuwa msomi wa falsafa na theolojia na mpigaji kinanda mashuhuri. Mwaka wa 1913 alikwenda Lambaréné, nchini Gabon, akajenga hospitali. Yapo mengi ya kukosoa katika namna alivyomtazama Mwafrika, lakini hakuna awezaye kusema kwamba alichelewa kutibu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Cicely Saunders wa Uingereza. Alikuwa muuguzi, akaumwa mgongo, akalazimika kuiacha kazi hiyo na kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Huko aliwasikiliza watu waliokuwa wakifa kwa saratani huku madaktari wakiwapita, kwa kuwa hawakuwa na la kuwafanyia tena. Daktari mmoja alimshauri asome udaktari, la sivyo hakuna atakayemsikiliza. Alianza mwaka wa 1951 akiwa na miaka 33, akafuzu mwaka wa 1957, na mwaka wa 1967 akafungua kituo cha St Christopher's jijini London, ambako huduma ya kisasa ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona ilipata umbo lake. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, ni tunda la mti huo huo. Tukimwondoa yule muuguzi na yule mfanyakazi wa ustawi wa jamii ndani ya Saunders, daktari aliyebaki asingeyaona aliyoyaona. Kuchelewa kwake ndiko kulikompa macho.

Mfano wa tatu uko karibu nasi kijiografia, na kwangu mimi uko karibu pia kitaaluma. Hastings Kamuzu Banda wa Malawi, kabla ya siasa zilizomfanya kuwa rais aliyetawala kwa mkono wa chuma, alikuwa kibarua katika migodi ya Afrika Kusini, kisha mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Huko alikuwa mtoaji wa data kwa mtaalamu wa lugha, Mark Hanna Watkins, na sarufi ya Chichewa aliyoitoa Watkins mwaka wa 1937 ilitokana na usemi wa Banda. Mwaka huo huo wa 1937 Banda alifuzu udaktari katika chuo cha Meharry nchini Marekani. Ikiwa alizaliwa karibu na mwaka wa 1898, kama inavyokubaliwa na wengi, alikuwa anaikaribia miaka 40.

Hapo ndipo ninapofika katika uwanja wangu. Wapo wanaodai kwamba ubongo wa mtu mzima hauwezi kubeba mzigo wa masomo ya tiba. Sisi wanaisimu tumelijadili suala hili kwa muda mrefu, hasa tangu Eric Lenneberg alipoitoa nadharia yake ya kipindi cha ujifunzaji wa lugha mwaka wa 1967. Ni kweli kwamba mtu mzima hupata taabu kuiga matamshi ya lugha ngeni. Lakini msamiati ni jambo jingine. Mtu huendelea kujifunza maneno mapya hadi uzeeni. Na sehemu kubwa ya miaka ya kwanza ya udaktari ni nini kama si msamiati? Maneno hayo yamejengwa kwa mofimu za Kigiriki na Kilatini, kama vile maneno yetu yalivyojengwa kwa viambishi. Anayejua kwamba hepataitisi, meninjaitisi na apendisaitisi yana kiambishi tamati kimoja chenye maana ya uvimbe na mwasho, amekwisha kupunguziwa mzigo. Mwalimu wa biolojia wa miaka 13 anayajua mamia ya maneno hayo, na amewahi kuyaeleza kwa watoto wasiotaka kuyasikia.

Fauka ya hayo, daktari hatibu kwa Kiingereza alichosomea peke yake. Mwaka jana nilikaa kando ya kitanda cha mama yangu katika hospitali moja. Daktari kijana, mwenye bidii na heshima, alimuuliza anasikiaje. Mama akasema, "Moyo unanichafuka." Kijana akaanza kumuuliza kuhusu mapigo ya moyo na maumivu ya kifua. Ilinibidi nimwambie kwamba moyo kumchafuka mtu ni kusikia kichefuchefu. Alinishukuru, tena kwa dhati. Kosa halikuwa lake, hakuna aliyemfundisha. Lakini lugha yetu imejaa mambo ya aina hiyo. Homa kwa mmoja ni mafua, kwa mwingine ni malaria. Anayesema ana kifua huenda ana kikohozi, na mkono unaouma waweza kuwa kiganja au bega. Istilahi tunazo, TUKI ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Kinachokosekana ni watu waliokwisha kuishi vya kutosha kujua watu wanasema nini wanapotaja maumivu yao. Mwalimu aliyezungumza na wazazi kwa miaka 13, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, anakwenda katika wodi na sikio ambalo haliuzwi dukani.

Msomaji mpendwa, sitaki nionekane kana kwamba napiga debe bila ya kutazama upande wa pili. Yapo maneno magumu ambayo ni lazima yasemwe.

La kwanza ni kwamba kukimbia ualimu si sawa na kukimbilia udaktari. Mwenye kuchoshwa na mkuu wa shule, mshahara au makaratasi ya mtaala mpya, atayakuta yote hayo hospitalini kwa majina mengine. Mwaka wa 2024 madaktari wanagenzi walielezwa kwamba serikali ilikuwa tayari kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa mwaka wa 2017 ulitaja takriban shilingi 206,000. Mtu mwenye watoto shuleni ni lazima ajiulize angefanya nini angekuwa miongoni mwao.

La pili ni karo. Nafasi zinazogawanywa na KUCCPS hulenga hasa vijana waliotoka kufanya KCSE. Mtu mzima aghalabu hujilipia, na karo ya tiba ni mamia ya maelfu ya shilingi kila mwaka, huku mshahara wa ualimu umekatika. Husemwa kwamba miaka itapita tu, mtu asome asisome. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hoja. Miaka hupita yenyewe; karo hailipiki yenyewe. Anayeamua peke yake, bila ya mwenzi wake kukubali kwa hiari, anajenga nyumba ya udaktari kwa matofali ya ndoa yake.

La tatu ni kwamba udaktari si njia pekee ya kutibu. Hapa hapa mjini Machakos ipo kampasi ya KMTC, na chuo hicho kimewafunza wengi wanaozishikilia zahanati na vituo vyetu vya afya. Afisa wa kliniki husoma stashahada kwa miaka 3, na kwa mgonjwa wa kijijini yeye ndiye daktari anayemwona. Mtu akiambiwa hivyo akaona amedharauliwa, basi huenda anachokitafuta ni cheo, wala si wagonjwa. Nilimuuliza mgeni wangu swali hilo bila ya kumhurumia. Alijibu kwamba alikuwa amelifikiria kwa miaka minne, na kwamba kama kitivo cha tiba kitamkataa mara mbili atakwenda KMTC. Jibu hilo ndilo lililonibadilisha. Mtu anayetaka cheo hana mpango wa pili ulio chini ya ule wa kwanza.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu.

Mosi, vyuo vyetu vyenye vitivo vya tiba vitenge nafasi chache kila mwaka, hata kama ni tano katika kila mia, kwa watu wazima wenye shahada za sayansi na rekodi ya kazi. Wafanyishwe mtihani wao na kuhojiwa ana kwa ana. Wazo hili si geni Afrika Mashariki. Makerere kwa miaka mingi imekuwa na mlango wa watu wenye umri wa miaka 25 na zaidi wanaofanya mtihani maalumu. Pia tunajua kubuni: Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufunza madaktari mwaka wa 1990, kilijenga mafunzo yake juu ya matatizo halisi ya wagonjwa na jamii, badala ya kuiga tu kilichokuwa kikifanyika Nairobi tangu 1967.

Pili, aliye na shahada ya biolojia na kemia asilazimishwe kurudia yote anayoyajua. Marekani humfundisha udaktari mtu mwenye shahada ya kwanza kwa miaka 4, na St George's ya London imekuwa na kozi ya miaka 4 kwa waliokwisha hitimu shahada nyingine tangu mwaka wa 2000. Baraza linalosimamia madaktari nchini lihakikishe kwamba kiwango hakishuki hata kidogo. Kufupisha njia hakumaanishi kubomoa daraja.

Tatu, kaunti zigharimie karo ya watu hawa kwa mkataba wa kutumika. Kaunti ikimlipia mwalimu wake miaka ya masomo, naye arudi aitumikie katika vituo vyake kwa miaka kumi. Kaunti itapata daktari anayekijua kijiji, na mwenye mkataba atapata njia.

Kwa walimu wenzangu, naomba tuache tabia ya kuwaambia wanafunzi kwamba alama za kidato cha nne ndizo hukumu ya mwisho. Mwaka wa 2004, mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret akiwa na miaka 84, taifa lilimpigia makofi. Mwenye miaka 38 akitaka kuingia kitivo cha tiba, tunakunja nyuso. Pengine ni kwa sababu kiti cha Maruge hatukukiona kuwa kiti cha mwanetu. Kama ni hivyo, basi makofi yetu yalikuwa rahisi mno.

Na kwa wanafunzi: ukikosa alama mbili tatu, fanya kazi uliyopewa kwa ukamilifu. Mgeni wangu hakuja kwangu na machozi ya mwaka wa kukosa. Alikuja na miaka 13 ya kuwafundisha watoto wa watu vizuri, na hiyo ndiyo sababu ninaweza kumpendekeza.

Barua yake imekaa mezani pangu kwa wiki tatu. Nimekwisha iandika. Nimeeleza kwamba atakuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani, kwamba ana familia, na kwamba nilimshauri asiende. Nimeeleza pia kwamba nilikosea. Kesho asubuhi nitaitia sahihi, na chini yake nitaandika cheo changu kama desturi inavyotaka: Daktari. Natumaini kwamba siku moja yule ajuza wa kwetu atauonyesha mguu wake kwa anayestahili jina hilo zaidi yangu.